Juisi ya Mama Manish

Kagwe aliuza bia miaka mingi kabla hajaanza kuidharau. Alikuwa mtu wa mauzo katika kampuni moja ya vinywaji, akizunguka baa za Ruiru hadi Githurai 45 na gari la kampuni, shati lenye nembo kifuani, na tumbo ambalo mkewe Maggie aliliita mali ya ofisi. Kisha kampuni ikampeleka Afrika Kusini kwa semina. Huko walitembezwa kwenye shamba la mizabibu, akapewa glasi ya mvinyo mweupe uliotoka kwenye mizabibu iliyomzidi umri, na mtu aliyerudi Ruiru hakuwa yule aliyeondoka. Angalau ndivyo alivyosema mwenyewe. Maggie alisema aliyerudi ni yule yule, ila sasa ananusa chai kabla ya kuinywa.

Kampuni ilipopunguza wafanyakazi na jina lake likasomwa, Kagwe hakulia. Alisema hajafutwa, ameachiliwa. Akasafisha chumba cha nyuma pale nyumbani Ruiru, akanunua mikebe ya maziwa ya alumini na friza kuukuu lililowahi kuwa la aiskrimu, akaanza kutengeneza mvinyo kwa zabibu za supamaketi. Ulitoka vibaya. Jirani aliyeonja wa kwanza aliuliza kama ni wa kutibu fangasi.

Mizabibu yenyewe aliipata kwa bahati. Alikuwa Thika akitafuta tangi la mitumba, akaelekezwa kwenye kiwanda cha kamba za katani kilichofungwa zamani, kando ya barabara ya vumbi. Tangi lilikuwa limetoboka. Lakini alipozunguka nyuma ya nyumba ya mwenye kiwanda alisimama ghafla. Kulikuwa na safu za mizabibu zinapanda mteremko, mashina mazito kama paja la mtu, yamejipinda kama nguo inayokamuliwa maji.

"Wee! Usikanyage hapo!"

Aliyepiga kelele ni mama mwembamba wa miaka sabini na kitu, amevaa sari ya pamba na raba za michezo. Jina lake Shakuntala, lakini Thika nzima ilimjua kama Mama Manish. Alizaliwa Murang'a, ambako baba yake alikuwa na duka, na Kikuyu chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wa Kagwe. Mumewe, Mzee Himatlal, ndiye aliyeipanda mizabibu ile kabla mtoto wao wa pekee hajazaliwa. Vipande vya kupandia alipewa na padri mmoja mgeni, naye padri alirudi kwao bila kusema ni aina gani. Tangu mzee afariki, mama aliipogoa mwenyewe kwa mkasi wa kukatia kitambaa. Zabibu zilikuwa za ndege.

Kagwe alimweleza anachotaka. Mama alimsikiliza, kisha akainua kidole.

"Kagwe, nyumba hii haina pombe. Haijawahi kuwa na pombe. Mzee alikuwa kwa kamati ya hekalu, alikuwa anahubiria vijana waache ulevi. Hilo neno ulilosema sasa hivi halipiti geti langu."

"Basi tuseme juisi, Mama Manish."

Mama alifikiri kidogo. "Juisi ni sawa."

Wakaelewana hivyo. Kila msimu Kagwe alikuja kupogoa, kufunga matawi kwenye waya na kufunika vichala kwa neti kuukuu za mbu ili ndege wasivimalize. Mama alivuna pamoja naye, akimkemea anapovuta kichala badala ya kukikata. Wiki chache baada ya mavuno alimpigia simu.

"Juisi imelala vizuri?"

"Bado inachemka, Mama."

"Ifunike. Inzi wasiingie."

Mashina yale yalizaa kidogo, kama mzee asiyependa maneno mengi, lakini yalichotoa kilikuwa kitu. Mvinyo ulikuwa na rangi ya nyasi kavu, ukinukia ganda la chungwa lililosahauliwa juani, na ukishaumeza ulibaki mdomoni na chumvi kidogo, kana kwamba umelamba jiwe. Kagwe alipouonja mara ya kwanza alikaa juu ya mkebe wa maziwa mpaka Maggie akaja kuona kama ameanguka.

Ruiru haikumpigia makofi. Shemeji yake alikunywa nusu glasi akauliza sukari iko wapi. Mwingine alisema hii imeharibika, akashauri ichanganywe na soda. Maggie, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliwaambia wenzake kwamba mume wake siku hizi anashughulika na matunda, na tangu hapo kila sherehe ya kanisa ikawa yeye ndiye anaambiwa alete matunda. Alileta. Alinunua ndizi na mananasi kando ya barabara, akayapanga kwenye sinia, na wenzake wakamsifu mumewe kwa bidii ya shambani.

Aliyeleta mabadiliko ni Kavata, mwanamke mwenye mkahawa Nairobi. Alipita Thika kununua mananasi, akasikia habari za mtu wa mizabibu, akamfuata Ruiru, akaonja, akabeba katoni zote zilizokuwepo. Wateja wake walisifu, wakauliza mvinyo umetoka nchi gani, wakaambiwa Thika, wakacheka wakidhani ni mzaha, wakaagiza chupa nyingine. Wakapiga picha za lebo. Lebo aliichora Kagwe mwenyewe, shina moja lililojipinda, na chini yake maneno: Mizabibu Mikongwe, Thika.

Furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Manish, mwana wa Mama Manish, aliuza vigae vya sakafu Nairobi, na kila alipokuja kumwamkia mama alisimama nyuma ya nyumba akipima mteremko kwa macho. Alitaka kujenga fleti. Kagwe alijua kwamba siku moja angefika na kukuta mizabibu imegeuka kuwa msingi wa nyumba. Akawaza, kisha akafanya jambo aliloliona la busara kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Alifunga chupa mbili kwenye gazeti, akapanda gari hadi dukani kwa Manish, akazifungua mbele yake.

Manish alikunywa, kwani nje ya geti la mama yake alikunywa kama watu wengine. Akasoma kwenye simu yale ambayo wateja wa Kavata wameandika.

"Boss," alisema, "hii inatoka kwa shamba ya budangu, mzee mwenyewe?"

"Nyuma ya jikoni ya mama yako."

"Nisikize basi. Fleti tusahau. Fleti kila mtu Thika anajenga."

Siku ile Kagwe alirudi Ruiru akiimba nyimbo za kanisa, na Maggie akadhani hatimaye ameokoka.

Manish alikuja Thika baada ya wiki chache akiwa na mchoro uliokunjwa. Waliutandaza juu ya meza ya plastiki chini ya mizabibu yenyewe. Kulikuwa na chumba cha kuonjea chenye kuta za vioo, bustani ya harusi, choo cha kisasa, na katika mteremko wote wa juu mraba mkubwa wa kijivu.

"Hii ni nini?" Kagwe aliuliza.

"Paking."

"Lakini hapo ndipo mizabibu ilipo."

"Kagwe, watu watatoka Nairobi kuja kuona mizabibu mikongwe. Wataweka magari wapi? Kwa barabara?" Manish aliongea kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu. "Tunaacha safu mbili hapa chini karibu na nyumba. Mtu akitaka kupiga picha, anahitaji mizabibu mingapi?"

"Na waini itatoka wapi?"

"Dodoma kuna zabibu tele. Lori inazileta, wewe unatengeneza. Utakuwa mkurugenzi wa waini. Nitakupea hata ofisi."

"Lebo inasema mizabibu mikongwe, Thika."

"Na mizabibu mikongwe si itakuwa hapa Thika? Safu mbili. Hakuna uongo hapo."

Kagwe alitafuta kosa katika maneno yale na hakulipata haraka, jambo lililomuudhi zaidi ya maneno yenyewe. Alimwacha Manish akiita watu wa kupima, akaenda barazani alikokuwa mama, sahani ya njegere mapajani.

"Mama Manish, mkataze. Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Mzee alipokufa niliandikisha kila kitu kwa Manish. Nilisema sitaki kusumbuliwa na mambo ya kodi za kaunti." Aliendelea kubambua njegere. "Nimemwambia asikate. Ameniambia, 'Mummy, nitakupandia waridi.'"

Kutoka mteremkoni walisikia watu wakiitana na kupigilia vigingi. Kisha mama akaanza kuongea bila kumtazama.

"Mzee alikuwa ananuka iliki."

"Iliki?"

"Baada ya kila mavuno. Anaenda stoo ya kamba jioni, anasema anaangalia mashine. Mashine gani, na kiwanda kimefungwa? Akirudi anatafuna iliki kama mbuzi. Iliki ilikuwa inaisha jikoni, nanunua nyingine. Mitungi yangu ya achari inapotea, nanunua mingine. Asubuhi naenda stoo kimya kimya, nakuta mitungi imekauka utamu ndani, naiosha narudisha palepale."

Kagwe aliacha mdomo wazi. "Alikuwa anatengeneza..."

"Juisi," alisema mama kwa ukali.

"Na hukumwambia kwamba unajua?"

"Ningemwambia angeacha. Angekaa nyumbani jioni nzima akinifundisha namna ya kupika." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Alikuwa anarudi akiimba, Kagwe. Mchana kutwa ni mtu wa kamati, uso kama mlango wa benki. Jioni ile anaimba. Ningeuliza nini?"

Akaweka sahani chini.

"Hii haijui mtu. Kamati wameweka picha yake ukutani kwa sababu ya kuhubiria vijana. Wewe nimekuambia kwa sababu unaishika mizabibu kama alivyoishika yeye. Ukimwambia Manish ataiandika kwa chupa. Niahidi."

Kagwe aliahidi. Neno lilikuwa halijapoa mdomoni alipotambua ameahidi nini. Manish alikuwa mtu wa biashara. Mizabibu mikongwe kwake ilikuwa mapambo, lakini mizabibu ambayo mhubiri wa hekalu aliikamua kwa siri ndani ya mitungi ya achari ingekuwa dhahabu. Asingegusa hata jani. Maneno machache tu yangezuia trekta, na Kagwe alikuwa amefungwa asiyaseme.

Wiki zile alikuwa mgumu kuishi naye. Alimfuata Manish mara mbili akiwa ameshaamua kusema. Mara ya kwanza aliishia kuomba safu tatu badala ya mbili, akanyimwa. Mara ya pili, pale nyumbani Thika, alifungua mdomo, akamwona mama dirishani akimwagilia kikopo cha mrehani, akauliza choo kiko wapi.

"Una nini siku hizi?" Maggie alimuuliza nyumbani.

"Kuna kitu siwezi kusema."

"Basi usiseme, Baba Ciku. Lakini pia usipumue hivyo, utaamsha jirani."

Trekta lilikuja asubuhi yenye jua zuri. Mashina ambayo Kagwe alidhani yatapigana yalitoka ardhini kwa urahisi wa kuaibisha, yakabaki yamelala na mizizi juu, udongo mwekundu ukidondoka. Mama alifunga mapazia na kufungulia redio kwa sauti kubwa. Kagwe aliomba ruhusa ya kukata vipande kutoka kwenye matawi. Manish alimwambia achukue vyote, hata kuni akitaka, maana ni takataka. Kagwe alijaza magunia, akayalowesha maji, na wiki ile nzima Maggie hakuwa na beseni la kufulia. Yote yalikuwa yamejaa vijiti vilivyosimama kwenye udongo.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Magari yalipangwa mteremkoni juu ya matofali mapya ya kabro, safi, yenye mistari myeupe. Wageni walishuka, wakatembea mpaka zile safu mbili, wakasema loo, mizee kweli, wakapiga picha, wakaenda kunywa mvinyo wa Dodoma. Haukuwa mbaya. Kagwe alikuwa ameutengeneza kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na kila aliposifiwa alishukuru kama mtu anayesifiwa koti la kuazima. Maggie alikuja kwa mara ya kwanza, akiwa amejiandaa kueleza kwamba yupo kwa ajili ya matunda. Mtu wa kwanza kugongana naye alikuwa mke wa mchungaji wao, glasi mkononi. Waliangaliana. Kisha wakasalimiana kwa furaha kubwa na kuongea habari za hali ya hewa.

Wazee wa kamati ya hekalu walikaa mstari wa mbele na vikombe vya chai, kwa heshima ya marehemu. Mama Manish alikaa katikati yao, sari ya hariri, raba miguuni. Manish akashika kipaza sauti.

"Babangu," alisema, "hakuwahi kuonja hata tone. Alipanda mizabibu hii kwa ajili ya maombi, ili apate kivuli cha kumfikiria Mungu..."

Mzee Jayantilal, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye miaka inayokaribia tisini, alipaliwa na chai. Walimpigapiga mgongo. Alipopata pumzi ikaonekana kumbe anacheka.

"Tone?" alisema, na kwa kuwa hakusikia vizuri alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Himatlal? Kila Diwali alituletea mtungi! Kamati nzima! Tulikuwa tunaenda kwangu, tunafunga mlango. Alikuwa anatuambia, jamani, mnywe lakini Shakuntala asijue, ataniua!"

Wazee wenzake walitazama viatu vyao. Mmoja akaanza kutikisika mabega, kisha mwingine. Mama Manish alimgeukia Jayantilal polepole.

"Asijue nini? Mlidhani hiyo mitungi ilikuwa inaoshwa na nani?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi Kiganjo. Wazee walifuta machozi. Jayantilal alishika mkono wa Mama Manish na kuubusu. Hata mke wa mchungaji alicheka, akasahau kuficha glasi. Mama mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu, na Kagwe, ambaye hakuwahi kumwona akicheka hivyo, alifurahi kwa dakika nzima. Kisha akageuka akaona magari. Yalikuwa yamesimama juu ya mashina yake, yakimeremeta juani, kila moja ndani ya mistari yake. Siri aliyoibeba kama yai ilikuwa inajulikana na kila mzee wa mjini aliyewahi kualikwa chai. Mtu mmoja tu ndiye hakuijua, naye ndiye aliyekuwa na trekta.

Manish alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Uso wake ulipita katika mshangao, ukapita katika huzuni kidogo, ukafika kwenye biashara.

"Baba alikuwa anatengeneza waini," alisema taratibu. "Hapa. Kwa mizabibu hii." Akatazama zile safu mbili, akatazama kabro. "Kagwe. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nikate?"

Watu wote wakamgeukia Kagwe. Alimtazama mama, na mama akatazama pembeni kwa haya, kama msichana aliyevunja sahani. Kagwe akasema, "Niliomba safu tatu."

Tangu siku hiyo, Manish akisimulia wageni habari za mizabibu ya baba yake, husema kwa uchungu wa kweli kwamba mingi ilipotea kwa sababu mtaalamu wao hakuongea mapema. Wageni hutikisa vichwa. Lebo mpya ina picha ya Mzee Himatlal na uso wake wa kamati, na kamati haikupinga. Jayantilal aliomba katoni mbili.

Lakini jambo moja Mama Manish alilisimamia bila kuinua sauti. Aliacha kupika Manish akija. Kwa kuwa Falguni, mke wa Manish, alikuwa ameshasema kwamba yeye hana muda wa jikoni, Manish alivumilia mwezi mmoja, kisha akakubali ing'olewe nusu ya lile eneo la magari. Vile vipande vilivyokaa kwenye mabeseni ya Maggie, vingi vilikuwa vimekufa, lakini vichache vilikuwa vimetoa majani. Kagwe alivileta Thika. Mama alishika kila kimoja wima na Kagwe akashindilia udongo.

"Vitazaa lini?" mama aliuliza.

"Kuzaa, si mbali. Kuwa kama ile, Mama..." Hakumalizia. Yeye mwenyewe alikuwa anapita hamsini.

"Panda tu. Nani amekuambia nina haraka?"

Walikuwa wamepiga magoti mkabala, mikono imejaa udongo mwekundu, wakati msichana mmoja aliyevaa miwani ya jua alipofika na simu yake imeinuliwa. Aliwasalimia vizuri, akaonyesha zile safu mbili za zamani nyuma yao.

"Samahani, mzee. Unaweza kusogea kidogo? Uko kwa picha."

Kagwe akasogea.